Nyumba Itulie, Kigari Kizunguke

Miongoni mwa wasafiri wanaoizunguka Afrika kwa barabara, jina la Twiga, kambi iliyo ufukweni Tiwi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, limekuwa likipokezanwa kwa miaka mingi. Hapo huegeshwa magari ambayo mtu akiyaona mara ya kwanza hudhani ni ya jeshi: lori la MAN au Unimog lililobebeshwa chumba kizima mgongoni, chenye kitanda, jiko, tangi la maji na paneli za sola juu ya paa. Uzito wake hufika tani 8, 10, hata 12. Likishasawazishwa kwa vipande vya mbao chini ya magurudumu, turubai la kivuli likatandazwa na nguo zikaanikwa, gari-nyumba la aina hiyo halina haja tena ya kwenda popote. Wenyewe ndio wenye haja.

Wanahitaji samaki, unga, maji ya kunywa, dawa ya homa, mtungi wa gesi uliojazwa. Kutoka Tiwi hadi maduka ya Diani, kwa macho ni karibu sana. Maji yakipwa, mtu huvuka kwa miguu mlango wa Mto Mwachema akatokea kwenye Msikiti wa Kongo. Lori halina njia hiyo. Lazima lipande hadi barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga, lishuke hadi Ukunda, ndipo likunje kuelekea baharini. Nyumba nzima inakunjwa, vyombo vinafungwa kabatini, tani 10 zinawashwa, kwa ajili ya mkate na nyanya.

Sasa tatizo hilo si la wageni peke yao. Familia za Kenya nazo zimeanza kuteremka Pwani mwezi wa Desemba na Hiace zilizogeuzwa vyumba vya kulala, au na Land Cruiser zenye mahema juu ya paa. Wote hukutana na swali lile lile siku ya pili: nyumba imeshapata kivuli kizuri, sasa tutatembeaje?

Marekani walilijibu zamani kwa kufunga gari dogo nyuma ya gari-nyumba na kulivuta. Ulaya, baada ya Smart, kigari cha viti viwili chenye urefu wa mita 2.5 tu, kuingia sokoni mwaka 1998, wapo watengenezaji waliofika mbali zaidi: huko Ujerumani, kampuni ya Volkner Mobil huunda magari-nyumba makubwa yenye gereji chini ya sakafu, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambamo gari lingine huingia likalala. Hayo ni mambo ya matajiri wakubwa. Kuvuta ndiyo njia ya wengi, na ndiyo inayofaa kupimwa kwa hesabu za Kwale.

Watu wengi hudhani gharama kubwa ya kuvuta kigari ni mafuta. Sivyo. Tuchukue Suzuki Alto ya injini ya cc 800, aina ile ile ambayo Uber waliitumia walipozindua huduma yao ya nauli nafuu ya Chap Chap jijini Nairobi mwaka 2018. Uzito wake haufiki kilo 800. Kwenye lami tambarare, nguvu ya kuyabingirisha magurudumu yake ni ndogo, na kwa kuwa kigari kimejificha nyuma ya mgongo mpana wa lori, upepo haukisumbui sana. Ukipiga hesabu ya nguvu hiyo kwa kilomita 100, ukazingatia kiasi cha dizeli ambacho injini ya lori huunguza bure kama joto, unapata nyongeza ya lita moja hivi au zaidi kidogo. Milima huongeza, lakini si kwa kiwango cha kutisha. Safari ya Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, itaongeza lita tano, pengine sita.

Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Kutoka Diani hadi Shimoni, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 100. Lori la kuishi linalokwenda kilomita 4 kwa lita litakunywa lita 25. Alto inayokwenda kilomita 18 kwa lita itamaliza safari hiyo kwa lita tano na nusu. Safari moja tu ya kwenda kupanda mashua ya Wasini, na mafuta yote yaliyotumika kukiburura kigari kutoka Nairobi yamerudi mara tatu. Gharama ya kweli iko kwingine: kwenye giaboksi, kwenye breki na kwenye karatasi.

Giaboksi kwanza, kwa sababu ndiyo inayoua magari. Gari la gia za mkono likivutwa huku limewekwa fri, magurudumu huzungusha vyuma vya ndani, na kwa magari mengi meno ya gia hujichotea mafuta na kujirushia yenyewe. Gari la otomatiki halina uwezo huo. Mafuta yake husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, pampu imelala, ilhali magurudumu yanazidi kuzungusha vyuma visivyopata mafuta, kilomita baada ya kilomita. Giaboksi ya namna hiyo huenda isiuone hata Mtito Andei. Na hapa ndipo Wakenya wengi wanapokwama, maana vigari vinavyoingia kutoka Japani, Vitz, Passo, Note na wenzao, vingi ni vya otomatiki au vya giaboksi ya mkanda, ambayo nayo haivumilii kuvutwa magurudumu yote yakiwa chini.

Dawa ipo. Kwa kuwa vigari hivyo huendeshwa na magurudumu ya mbele, magurudumu hayo hunyanyuliwa na kufungwa juu ya trela fupi ya magurudumu mawili, na yale ya nyuma, ambayo hayakuungana na giaboksi, hubingirika huru, mradi breki ya mkono imeachiliwa. Kwa gari la magurudumu manne yenye nguvu, au kwa mtu asiye na hakika, ni afadhali trela kamili inayobeba gari zima, ingawa trela yenyewe huongeza kilo mia kadhaa na hesabu ya mafuta hubadilika. Kwa vyovyote vile, neno la mwisho ni la kitabu kilichokuja na gari. Fundi wa jua kali Ukunda anaweza kuchomelea chuma cha kuvutia kikashika vizuri sana, na bado asijue pampu ya mafuta imewekwa wapi ndani ya giaboksi ya modeli hiyo.

Breki ni suala la uwiano. Lori la tani 10 likivuta kilo 800 halihisi sana. Lakini Hiace iliyopakiwa vitanda, maji na watoto, yenye uzito wa karibu tani 3, ikivuta kigari hicho hicho imeongezewa zaidi ya robo ya uzito wake, na breki zake ni zile zile. Ulaya, trela inayozidi kilo 750 lazima iwe na breki zake yenyewe, na mpaka huo una maana hata pale ambapo askari hatakuuliza. Ateremkaye kutoka mji wa Kwale, ulio juu kwenye Vilima vya Shimba, hadi Kombani, ataielewa kanuni hiyo kwa mguu wake wa kulia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vyuma vya kuvutia hawalitaji mapema: gari linalovutwa magurudumu yote yakiwa chini haliwezi kurudishwa nyuma. Ukijaribu, magurudumu yake ya mbele hujikunja yatakavyo, na chuma hupinda. Fikiria hilo kwenye kivuko cha Likoni, pale mpangaji magari anapokuonyesha kwa mkono urudi nyuma kidogo. Kivuko kina shida yake nyingine kwa magari marefu. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia huwa mkali, na mkia wa gari-nyumba uliotokeza nyuma ya magurudumu hukwaruza chini, sembuse chuma kilichofungwa hapo. Kwa wenye msafara wa namna hii, barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini na kutokea Kibundani upande wa Kwale bila kugusa feri, ni neema kubwa.

Karatasi zinachosha, lakini hazikwepeki. Trela Kenya husajiliwa kama chombo cha peke yake, kwa namba inayoanza na herufi Z. Mgeni anayeingia na magari mawili ana magari mawili mbele ya forodha: kila moja na kibali chake cha muda, kila moja na bima yake. Vivyo hivyo kwa Mkenya anayetaka kupita Lunga Lunga hadi Horohoro ili aendelee Tanga. Kadi ya njano ya bima ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo, hutolewa kwa gari, haitolewi kwa mtu. Anayekusudia kuvuka mpaka kwa siku chache angefanya vyema kukiacha kigari Diani mahali penye mlinzi.

Hata hivyo, hoja yenye uzito zaidi ya kuwa na kigari huku kusini haimo kwenye tangi la mafuta. Imo katika barabara zenyewe. Barabara ya ufuoni Diani ni nyembamba, imefunikwa na miti, na juu ya miti hiyo wanaishi mbega, kima na tumbili. Magari yamewaua wengi. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani miaka ya 1990, limetundika madaraja ya ngazi juu ya barabara hiyo ili wanyama wavuke bila kushuka kwenye lami, na bado si wote wanaoyatumia. Dereva wa kigari anaona mbele na pembeni, anasimama kwa hatua chache. Dereva aliyeketi juu kwenye lori la tani 10 ana eneo kubwa mbele ya bampa asiloliona kabisa, na hahitaji kuwa mzembe ili aue.

Ukiiacha lami, mambo huwa wazi zaidi. Gazi, ambako wanakijiji wanaendesha Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 wa kutunza mikoko na kuuza hewa ya ukaa, iko pembeni mwa barabara kuu, na njia ya kuingilia hupita katikati ya nyumba za watu. Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, nayo ni mahali pa kufika kwa upole. Katika vijiji vya huko, waya za umeme zimening'inia chini, kuta za matumbawe zimekaribiana, na watoto wanacheza njiani. Lori lenye kimo cha mita 3.6 likiingia humo, hukata waya au hukaa likisubiri mtu wa kuzinyanyua kwa mti. Kigari hupita, kikaegeshwa chini ya mwembe, wenye kijiji wakaendelea na shughuli zao. Mgeni ana wajibu wa kutowavuruga wenyeji wake, na ukubwa wa gari ni sehemu ya wajibu huo.

Je, ni lazima kigari kije kutoka mbali? Hapa pana haja ya kuwa wakweli. Kwa anayekaa juma moja Diani, kigari kiko tayari Ukunda na kinapiga honi: tuktuk. Hubeba abiria watatu, hunusa mafuta badala ya kuyanywa, hugeuka mahali ambapo Alto ingelazimika kurudi nyuma mara mbili, na nauli yake inabaki Kwale. Kulipa tuktuk kwa siku saba ni rahisi kuliko kununua chuma cha kuvutia, trela, bima ya pili na tairi. Kwa safari ya Shimoni au hospitali ya Msambweni, teksi au gari la kukodi la siku moja linatosha. Kuleta kigari kunaanza kuwa na maana kwa familia inayokaa mwezi au miezi, yenye watoto na mizigo ya kuogelea, au kwa mtafiti anayezunguka kila siku kati ya Gazi, Ramisi na Vanga.

Iko pia njia ya tatu, ambayo vijana wa Kenya wanaielekea bila kelele. Suzuki Every, kile kigari chenye umbo la mkate kinachosambaza bidhaa katika kila mji wa nchi hii, hutengenezwa kwa vipimo vya Japani vya vigari vidogo: urefu usiozidi mita 3.4, upana mita 1.48, injini ya cc 660. Nyuma yake, viti vikikunjwa, watu wawili hulala wakajinyoosha, na Japani wako wengi wanaosafiri hivyo. Hapo nyumba na kigari vimekuwa kitu kimoja, na hakuna cha kuvuta.

Anayeamua kuja na kigari ajue adui wa mwisho, chumvi. Upepo wa baharini huibeba hadi chini ya chesisi, kwenye mabomba ya breki na kwenye viungo vya trela, na kutu huanza mahali ambapo mwenye gari hatazami. Kigari kioshwe chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya siku chache, maji ya kisima cha ufukweni yaonjwe kwanza, na nyaya za taa za trela zipakwe grisi kwenye maungio. Na wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, kibaki kwenye lami: njia za ndani ya Hifadhi ya Vilima vya Shimba, kuelekea Maporomoko ya Sheldrick na malisho ya palahala, huwa za utelezi, na gari lenye tumbo chini kama Alto hukwama hapo mapema. Siku hiyo aombe nafasi kwenye Land Cruiser ya jirani wa kambini.