Shairi Husomwa kwa Sauti

Watu wengi waliosoma shuleni hulipitia shairi kwa macho tu, kama wasomavyo barua, kisha husema kwamba ni gumu. Sivyo. Shairi limetungwa kwa ajili ya sikio.

Shairi la kawaida la Kiswahili lina mistari 4 katika kila ubeti, na kila mstari una mizani, yaani silabi, 16: nane za kwanza, pumziko, kisha nane za pili. Vina husikika katikati na mwishoni. Basi msomaji na avute pumzi, asome nane, atue kidogo, ndipo amalize. Asipotua panapostahili, pumzi humwishia na maana humpotea.

Jambo hili si geni kwa watu wa Itumbe, katika nchi ya Wagusii. Obokano, chombo chao cha nyuzi 8, huvuma kwa sauti nzito ambayo mtu huihisi hata kifuani.

Tena sauti humfaa asiyejua kusoma. Mtoto akisoma shairi jioni kwa sauti, nyanya yake aketiye jikoni hupata fungu lake. Akisoma kimya, amemnyima.