Bwana Mifugo Amestaafu: Je, Analipwa Nini?

Bwana mifugo wa kata yetu ametimiza miaka 60. Amestaafu. Siku ya kumuaga, ndugu zake walikuwa wengi kuliko wafanyakazi wenzake. Mmoja alitaka mabati. Mwingine alitaka pikipiki. Mdogo wake alitaka mahari ya kijana wake. Wote walikuwa wamesikia kwamba serikali inampa mamilioni.

Mimi ni bwana shamba, na zamu yangu inakuja. Jioni ile tulikaa chini ya mwembe, mstaafu na ndugu zake, tukapiga hesabu. Nakuletea hesabu ile. Huenda wewe hupokei mshahara. Lakini huenda mtoto wako ni mwalimu, au ndugu yako ni muuguzi wa zahanati.

Pensheni ni fedha anayolipwa mstaafu kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Si zawadi. Alipokuwa kazini, mtumishi wa umma alikatwa kila mwezi shilingi 5 katika kila shilingi 100 za mshahara wake. Mwajiri wake aliongeza shilingi 15. Fedha hizo huwekwa katika mfuko uitwao PSSSF. Mfuko huu ulianzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya zamani. Ili mtu apate pensheni, lazima awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15.

Sasa tuhesabu. Kwanza hutafutwa wastani wa mshahara wake. Huchukuliwa miaka 3 yenye mshahara mzuri zaidi katika miaka 10 ya mwisho. Tuseme wastani huo ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Tuseme pia amechangia miaka 29. Hiyo ni miezi 348. Miezi hiyo hugawanywa kwa 580. Jibu lake ni sawa na 6 katika kila 10. Basi pensheni yake kamili ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Umeona? Laki 4 zimekwisha kuondoka.

Na hiyo 600,000 nayo hukatwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni shilingi 40 katika kila 100, yaani 240,000. Fungu hilo hulipwa mara moja, kwa mkupuo, kama malipo ya miaka 12 na nusu, au miezi 150. Zidisha 240,000 mara 150. Utapata shilingi 36,000,000. Hayo ndiyo mamilioni yanayosemwa. Fungu la pili ni 360,000. Hilo ndilo atakalopata kila mwezi.

Ni kama mkulima aliyeuza sehemu ya mahindi yake yakiwa bado mabichi shambani. Fedha ameishika leo. Siku ya kuvuna, magunia yale si yake tena.

Baadhi ya wazee waliostaafu zamani walipata mkupuo mkubwa zaidi. Kwa hesabu ya mfuko wa LAPF wa wakati ule, mtu huyu angepata karibu milioni 60 kwa mara moja, na kama 322,000 kila mwezi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 mkupuo ukawa 33 katika kila 100. Watumishi walinung'unika sana, nami nilikuwamo. Mwaka 2024 serikali ilipandisha mkupuo hadi 40 kwa wale ambao mfuko wao wa zamani ulilipa 50. Wale ambao mfuko wao ulilipa 25 wakapandishiwa hadi 35.

Lakini tazama vizuri. Kwa 33, mtu wetu angepata mkupuo wa shilingi 29,700,000, na kila mwezi 402,000. Kwa 40, mkupuo umeongezeka lakini fedha ya kila mwezi imepungua kwa 42,000. Mimi niliposhangilia mwaka 2024 sikuifikiria hiyo 42,000. Nimeifikiria chini ya mwembe.

Kweli, hata kazini bwana mifugo hakuipeleka nyumbani milioni nzima. Kulikuwa na kodi, bima ya afya, mchango wa mfuko, na mkopo wa benki aliojengea nyumba. Hata hivyo nyumba yake ilizoea mshahara. Duka la jirani lilimkopesha sukari na mafuta kwa sababu ya mshahara huo. Kuanzia sasa mwenye duka naye atauliza kwanza.

Tulipofika kwenye 360,000, ndugu zake walinyamaza. Mdogo wake aliiandika hesabu ile ardhini kwa kijiti. Akaifuta kwa mguu, akaiandika tena. Jibu likawa lile lile.

Akauliza, "Kaka, ada ya yule mtoto wa chuo umeshalipa?"

Bwana mifugo akajibu, "Bado."

Habari ya mahari hatukuisikia tena jioni ile.