Bustani ya Wahispania Mjini Mobile

Ndugu msomaji, ukijaaliwa siku moja kufika Mobile, mji wa bandari katika jimbo la Alabama huko Marekani, usiache kupita Government Street, katikati ya mji. Hapo utaikuta bustani ya umma iitwayo Spanish Plaza, yenye sanamu ya Malkia Isabella wa Hispania na chemchemi ya Matao ya Urafiki, zawadi ya mji wa Málaga ambao umefanya udugu na Mobile.

Huenda ukajiuliza Malkia huyo anatafuta nini hapo. Alifariki mwaka 1504, na Mobile iliasisiwa na Wafaransa mwaka 1702! Anayestahili zaidi kukumbukwa ni Bernardo de Gálvez, gavana wa Louisiana, mzaliwa wa Macharaviaya, kijiji kilicho jirani na Málaga hiyo hiyo. Mwaka 1780, Hispania ikiwa vitani na Uingereza, aliingiza merikebu zake katika Ghuba ya Mobile. Dhoruba ilizikwamisha baadhi mchangani, lakini hakurudi nyuma, bali aliizingira ngome ya Waingereza. Ajabu ya mabwana wale ni kwamba yeye na kamanda Durnford walipelekeana mvinyo na barua za adabu kabla ya kupelekeana mizinga. Tarehe 14 Machi ngome ilisalimu amri, na Wahispania wakautawala mji hadi mwaka 1813, Wamarekani walipoutwaa.

Miaka 33 si haba. Hata hivyo, ukizitafuta nyumba za enzi hiyo utahangaika bure, kwani moto wa mwaka 1827 uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa kale.

Lipo jambo ambalo sanamu haisemi. Katika jeshi la Gálvez walikuwamo watu weusi na machotara huru kutoka New Orleans. Kadhalika, sheria za Hispania zilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha, hata kama bwana wake hakuridhia. Utumwa ulikoma? La hasha! Lakini jamii ya Wakrioli huru, wazao wa Wafaransa, Wahispania na Waafrika, ilipata kukua. Mwaka 1819 Wakrioli hao waliunda kikosi cha kwanza cha kujitolea cha kuzima moto mjini Mobile.

Nawe mzazi, zingatia hili: mwaka 1832 Alabama ilipiga marufuku kumfundisha kusoma mtu mweusi, awe mtumwa au huru. Mwaka uliofuata ilibidi watoto wa Wakrioli huru wa Mobile waruhusiwe kusomeshwa, kwa kuwa haki za wazazi wao zilitokana na mkataba uliofungwa na dola za kigeni kabla Alabama haijawa jimbo.

Basi ukitoka bustanini, jikokote hadi North Dearborn Street. Si mbali. Pale limesimama jengo la matofali la wazima moto wale, lililojengwa mwaka 1869.