Fahamu: Kukarabati chumba cha kupangisha Mantapala na Nchelenge

Makazi ya Mantapala yalifunguliwa mwaka 2018 kwa wakimbizi kutoka Kongo, wilayani Nchelenge nchini Zambia, karibu na Ziwa Mweru. Je, chumba cha kupangisha kina faida hapa?

Kiwanja ni cha nani?
Ndani ya makazi, ardhi ni ya kupewa, si ya kununua. Kabla ya kupangisha, uliza ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi. Nje ya makazi, kwa mfano mjini Kashikishi, ona karatasi za kiwanja kwanza.

Uanze wapi?
Juu na chini. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukuta wa matofali mabichi hauliwi katikati. Huliwa mguuni, pale matone ya paa yanaporuka na kuchimba udongo. Refusha ukingo wa paa, chimba mfereji, piga lipu sehemu ya chini. Rangi ije mwisho.

Pesa itoke wapi?
Kikundi cha kuweka na kukopa ni salama kuliko mkopeshaji wa mtaani. Piga hesabu: ukitumia kwacha 3,000 na kodi ikawa 250 kwa mwezi, pesa hurudi baada ya miezi 12. Chumba kikikaa kitupu miezi mitatu, inakuwa 15. Basi, ukikopa, marejesho ya kila mwezi yasizidi kodi unayopokea.

Na mpangaji?
Andikianeni mkataba, mpe risiti kila mwezi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ziba kabla ya Novemba.