Miwani au Leza? Tuulize Kwanza Macho Yetu Yanafanya Kazi Gani

Je, umewahi kujikuta ukisogeza kitabu cha nyimbo mbali na uso, mkono ukanyooka mpaka mwisho, na bado herufi zinacheza? Kama ni hivyo, karibu katika kundi letu. Wengi wetu tuliovuka miaka arobaini tumepita hapo, na wengi tumejiuliza: siku hizi si kuna leza? Kwa nini tuendelee kuhangaika na miwani?

Swali hilo lilitujia kwa nguvu kupitia mwenzetu mmoja katika umoja wetu wa akina mama. Ni fundi cherehani, ana miaka 46, na amevaa miwani ya kuonea mbali tangu alipokuwa kidato cha pili. Binti yake wa kwanza alikuwa amechumbiwa. Kwa miaka mitatu mama huyu alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo kutokana na kushona sare za shule, na sasa alitaka kufanyiwa upasuaji wa macho kwa leza kabla ya sherehe ya kumuaga binti.

"Nimechoka kuitwa Mama Miwani," alituambia. "Siku ile nataka nisimame mbele ya watu na uso wangu mwenyewe."

Wifi yake mdogo, mwenye miaka 27, alikuwa amefanyiwa upasuaji huo Nairobi na sasa anatembea bila miwani. Mumewe hakukataa, ila alisema fedha hizo ni nyingi na wadogo bado wako shule, hivyo ni vizuri kuuliza kwanza. Basi wawili kati yetu tulimsindikiza kwa daktari wa macho. Tuliyoyasikia huko ndiyo tunayowaletea.

Leza hufanya nini?

Sehemu ya mbele ya jicho, iliyo angavu kama kioo cha saa, huitwa konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Konea hupinda mwanga ili uangukie kwenye retina, yaani pazia lililo nyuma ya jicho. Mara nyingi mtu asiyeona mbali ana jicho refu kupita kiasi, kwa hiyo mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye pazia hilo. Miwani husahihisha kosa hilo kwa nje. Leza hulisahihisha kwa kuichonga konea yenyewe.

Chanzo chake kinachekesha kidogo. Mwaka 1981, nchini Marekani, wanasayansi watatu wa kampuni ya IBM, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa wakichunguza aina moja ya leza. Srinivasan alileta maabara mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakaona kwamba leza ile inakata nyama bila kuunguza pembeni. Kutokana na ugunduzi huo, madaktari walianza kufikiria jicho.

Katika upasuaji unaojulikana zaidi, uitwao LASIK, mgonjwa hutiwa matone ya ganzi naye yuko macho. Daktari hufunua utando mwembamba wa konea kama jalada la kitabu, leza huchonga chini yake, mara nyingi kwa muda usiozidi dakika moja kwa kila jicho, kisha utando hurudishwa mahali pake. Mamilioni ya watu duniani wamefanyiwa, na walio wengi hufurahia matokeo. Hatuandiki haya ili kumtisha mtu.

Mbona umri una maana?

Daktari tuliyemkuta alikuwa binti wa umri wa watoto wetu. Alituamkia, "Shikamooni mama zangu," akampima mwenzetu kwa utulivu, kisha akamwuliza swali ambalo hatukulitegemea.

"Mama, ukiwa kwenye cherehani, unavaa miwani?"

"Hapana, mwanangu. Naivua. Nikitunga uzi kwenye sindano naona vizuri zaidi bila miwani."

"Basi hapo ndipo penye jambo lenyewe," daktari akajibu.

Alieleza kwamba nyuma ya mboni kuna lenzi ndogo. Ujanani lenzi hiyo ni laini, hubadilika umbo tunapotoka kutazama mlima na kutazama sindano. Kadiri miaka inavyokwenda huwa ngumu, na kati ya miaka 40 na 45 wengi wetu huanza kuona tofauti. Si ugonjwa, wala hausababishwi na kusoma sana. Humpata kila mtu, awe amesoma au hakusoma, awe na macho mazuri tangu utoto au la.

Leza ya konea haiigusi lenzi hiyo. Hairudishi ulaini wake.

Namba ya miwani ya mwenzetu ni kutoa 2.50. Maana yake, akivua miwani, macho yake huona vizuri kabisa kwenye umbali wa sentimita 40. Huo ndio umbali wa kitabu, wa bakuli la mchele tunaouchagua, na wa kitambaa kilicho chini ya sindano. Bila kujua, kasoro aliyoichukia tangu shule imekuwa msaada wake wa kazi.

"Nikikupeleka kwenye leza, mama," daktari alisema, "utasoma bango la daladala likiwa mbali. Lakini sindano itakushinda. Utaacha miwani ya barabarani na kuanza kuvaa ya cherehani."

Wote tulinyamaza. Ndipo tulipoelewa kwa nini wifi mtu anafurahi: ana miaka 27, lenzi yake bado ni laini. Naye akifika umri wetu atahitaji miwani ya kusomea.

Kuna njia nyingine?

Zipo. Ya kwanza ni kulisahihisha jicho moja lione mbali, na jingine kuliachia lione karibu. Ubongo hujifunza kuyatumia yote mawili. Wako wanaoipenda sana njia hii. Wengine husumbuka kupima kina, kwa mfano kwenye ngazi au wakimimina chai, au usiku wakiendesha gari. Uzuri ni kwamba inaweza kujaribiwa kwanza kwa lenzi za kuvaa ndani ya jicho, kabla konea haijaguswa.

Mwenzetu alijaribu kwa wiki mbili. Alipika, alikwenda sokoni, aliimba kwaya, yote sawa. Lakini kutoboa vitundu vya vifungo kulimpa kichwa kuuma.

Njia ya pili ni kuitoa lenzi ya asili na kuweka ya bandia, kama inavyofanywa kwa mtoto wa jicho. Huo ni upasuaji wa ndani ya jicho. Kwa mtu wa umri wetu asiyeona mbali, huongeza hatari ya retina kubanduka, kwa hiyo si jambo la kuamua kwa ajili ya urembo tu.

Mambo mengine ya umri wetu

Macho makavu. Karibu na kukoma hedhi wengi wetu huanza kuhisi macho yakiwasha kama yana mchanga. LASIK hukata mishipa midogo ya fahamu ya konea, na ukavu huongezeka kwa miezi kadhaa, kwa wengine zaidi. Mwenye macho makavu atibiwe kwanza. Wengine pia huona miduara kuzunguka taa usiku.

Presha ya macho. Ugonjwa huu, uitwao glakoma, huiba uwezo wa kuona polepole bila maumivu, na watu wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi. Baada ya leza konea huwa nyembamba, na kipimo cha presha huweza kuonyesha namba ndogo kuliko ilivyo kweli. Mwambie kila daktari atakayekupima baadaye kwamba ulifanyiwa leza.

Mtoto wa jicho. Tusichanganye mambo: leza ya kuacha miwani haitibu mtoto wa jicho. Ikiwa baadaye utahitaji kuwekewa lenzi ya bandia, daktari atasaidiwa sana na vipimo vya kabla ya leza. Vitunze pamoja na vyeti vya watoto.

Kabla ya kusema ndiyo

Anayefikiria leza na aulize haya:

- Je, namba ya miwani yangu imetulia kwa angalau mwaka mmoja?
- Je, konea yangu ni nene ya kutosha, na umbo lake ni zuri?
- Je, nina ukavu, presha ya macho, kisukari au dalili za mtoto wa jicho?
- Je, nina mimba au ninanyonyesha? Kama ndivyo, nisubiri, kwa kuwa namba ya macho hubadilika.
- Je, baada ya upasuaji nitahitaji miwani kwa kazi gani?
- Je, nani atanipima tena nikirudi nyumbani?

Ukijibiwa kwamba hutavaa miwani tena maisha yako yote, nawe una miaka 45, tafuta daktari mwingine.

Tusiidharau miwani

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachumaji wa chai wenye miaka 40 na zaidi huko Assam, India, walipewa miwani ya kuonea karibu. Uchumaji wao uliongezeka kuliko wa wenzao ambao hawakupewa, tofauti ikiwa karibu asilimia 22. Miwani ya kawaida tu! Wangapi kati yetu tumeacha kudarizi, au kusoma, tukisema ni uzee, kumbe ni jambo la kurekebishwa kwa siku moja?

Wako akina mama ambao leza itawafaa: wenye namba kubwa wasiojiweza bila miwani, au wale ambao kazi yao yote ni ya mbali, na ambao hawasumbuki kuvaa miwani ya kusomea. Tunawatakia heri. Ila kila mmoja apime kwa maisha yake, asipime kwa ya wifi.

Mwenzetu alirudi nyumbani akakaa na mumewe, wakazungumza mpaka usiku. Alinunua miwani mpya yenye fremu nyepesi, lenzi yake ikiwa na sehemu ya juu ya mbali na ya chini ya karibu. Akiba iliyobaki ililipa ada ya muhula, na nyingine ikanunua kitambaa.

Gauni la binti alilishona mwenyewe. Jioni moja tulimkuta akimalizia shanga za shingoni, ameiweka miwani mezani, uso karibu na kitambaa.

"Haya macho," alisema bila kuinua kichwa, "nilikuwa nataka kuyalipia yaache kazi yake."

Siku ya sherehe alivaa miwani yake. Kutoka meza ya mbele aliliona gauni lile vizuri, tangu binti alipotokea mlangoni.