Tembe Haijulikani kwa Kutazamwa

Mpakani Illasit, pale Kajiado inapotazamana na Tarakea ya Tanzania chini ya Mlima Kilimanjaro, bidhaa huvuka kila siku. Mahindi yaliyooza hujulikana kwa jicho na pua. Je, tembe ya malaria isiyo na dawa ya kutosha itajulikanaje? Si kwa rangi, wala kwa urembo wa pakiti. Mgonjwa huimeza kwa imani, ugonjwa ukazidi, na vimelea vinavyosalia vikaizoea dawa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba upimaji uanzie mpakani. Ipo maabara ya kubebwa mkobani, Minilab, iliyobuniwa Ujerumani. Tembe husagwa na kuyeyushwa, tone lake likawekwa kwenye bamba kando ya tone la dawa iliyothibitishwa. Kimiminiko hupanda bamba kikiyachukua yote mawili. Kisha madoa hulinganishwa kwa kimo na ukolezi chini ya mwanga wa urujuanimno. Doa likififia mno, kuna sababu ya kushuku. Tanzania imewahi kuzitumia maabara hizo katika vituo vya mipakani.

Kipimo hicho hakitoi hukumu ya mwisho. Kiasi kamili cha dawa hupimwa katika maabara kubwa, kama Maabara ya Kitaifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa, Nairobi. Hata hivyo, huufichua udanganyifu mkubwa kabla tembe hazijafika dukani.

Enyi walimu mnaotenganisha rangi za wino kwa karatasi darasani, waambieni wanafunzi kwamba kanuni ni ile ile. Nayo serikali isikubali kipimo hiki kikosekane Illasit.