Datsun 240Z: kagua kutu kwanza, injini baadaye

Pasaka ya mwaka 1971, Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki wakiwa na Datsun 240Z. Aliyewafuata alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye ndani ya 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu yake. Alitoshana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, akapewa ushindi kwa kuwa alifika mbali zaidi kabla ya kuanza kutozwa adhabu. Ndiyo maana huku kwetu 240Z haizungumzwi kama gari la kigeni la matajiri. Ni gari lililokula tope la masika na kutoka likiwa mbele.

Nchini Japani gari hilo lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyeongoza biashara ya Nissan kule Marekani, hakulitaka kabisa jina hilo; aliona hakuna dereva wa Marekani atakayenunua gari la mbio linaloitwa hivyo, akashikilia 240Z. Lilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, nguvu za farasi kama 150, na uzito uliozidi tani moja kwa kilo chache tu. Bei ilikuwa dola kama 3,500, chini sana ya magari ya Ulaya yenye mwendo wa aina hiyo. Leo hesabu imegeuka: mwaka 2020 moja iliyotunzwa vizuri mno iliuzwa dola 310,000 katika mnada wa Marekani. Hiyo si bei ya kila siku, lakini imewafanya wauzaji wengi wajione wamekalia dhahabu hata pale walipokalia chuma chakavu.

Na hapo kwenye chuma ndipo mnunuzi anapoumia. Watu hufungua boneti, husikia injini ikiunguruma vizuri, wakatoa pesa. Injini ya 240Z ni sehemu ya mwisho ya kukutia wasiwasi. Inatumia cheni badala ya mkanda, ni ngumu, na nduguze wa ukoo huohuo walifungwa kwenye Datsun nyingi za kawaida za siku zile, kwa hiyo fundi mzee aliyezizoea bado anapatikana. Bodi ndiyo gari lenyewe. Chuma chake ni chembamba, na kinga ya kutu ya enzi hizo ilikuwa hafifu.

Basi nenda na sumaku ndogo na tochi. Anza chini ya betri, maana asidi iliyomwagika hula bamba lililo chini yake. Kunja zulia utazame sakafu ya dereva na ya abiria. Ingia uvunguni ukague zile mbavu mbili zinazobeba sakafu, kisha upitishe sumaku taratibu chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Sumaku isiponasa, unachogusa si chuma, ni puti iliyopakwa rangi. Puti kidogo si dhambi. Gari la miaka 50 lazima limewahi kugongwa. Puti kwenye zile mbavu ni sababu ya kuaga na kuondoka, hasa kama gari limeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako upepo wa chumvi haulali.

Ukiliwasha na kuliendesha vioo vikiwa wazi, sikilizia pua. Raba ya mlango wa nyuma ikichoka, moshi wa ekzosi hurudi ndani ya gari, ugonjwa unaojulikana sana kwa 240Z. Unatibika kwa raba mpya, ila usiuvumilie safari ndefu, kwani moshi huo una sumu. Breki za nyuma ni za drum, na usukani hauna msaada wa hidroliki. Kona ya kuegesha itakutoa jasho. Barabarani, kinyume chake, mikono inapata habari zote za lami, na masikio yanasikia kabureta zikivuta hewa. Raha hiyo haimo kwenye gari lolote jipya ninalolijua.

Kuagiza ni habari nyingine. Kenya, kwa utaratibu wa kawaida, hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15. Kwa hiyo mnunuzi wa huku hutafuta lililokwishaingia zamani, na jambo la kwanza ni kulinganisha namba ya chasisi na kadi ya usajili kabla hata ya kuzungumza bei. Spea za injini na breki zinaagizika, maana Marekani kuna biashara nzima inayoishi kwa magari haya. Kinachosumbua ni urembo: taa, mikanda ya kromu, plastiki za dashibodi. Gari lenye bodi safi na urembo kamili lakini injini iliyokufa ni ununuzi mzuri kuliko lile linalonguruma huku limekosa nusu ya vitu hivyo.

Likishakuwa lako, liendeshe kila wiki. Petroli ikilala kwenye kabureta kwa miezi huacha utando unaoziba vitundu vyake, na kuzisafisha na kuzilinganisha upya hizo mbili ni kazi ya siku nzima kwa fundi mwenye sikio.